Gari la msikiti, daftari la dereva na betri isiyo na hatia

Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani iliyopita, kamati ya msikiti wetu hapa Upanga ilikaa baada ya Swala ya Isha ili kupitisha malipo ya shilingi milioni tatu na nusu. Fedha hizo zilikusudiwa kununua betri kubwa ya gari la msikiti, gari la haibridi ambalo kwa wiki kadhaa lilikuwa likitetemeka vibaya kila alfajiri linapowashwa. Fundi alikwisha kutoa hukumu yake, mweka hazina alikwisha kuandaa hati ya malipo, na sisi tulio na dhamana ya ukatibu tulikwisha kuandika azimio, ikabaki saini tu. Lau si swali moja lililoulizwa na mama mmoja mwanakamati, tungekuwa tumetoa amana ya waumini kununua kitu ambacho hakikuwa kimeharibika, na gari lingeendelea kutetemeka vilevile.

Tunaandika habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba magari ya aina hii, Prius na Aqua, si wageni tena katika maegesho ya maghorofa ya Upanga wala katika foleni za Kariakoo, na familia nyingi huyanunua yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi Japani. Maradhi tuliyokutana nayo yanaweza kumfika yeyote miongoni mwao. Sababu ya pili ni kwamba katika jambo hili yupo kijana tuliyemkosea. Tuhuma zilipita mbele ya watu wengi, basi na maelezo yapite mbele ya watu wengi pia.

Gari lenyewe

Gari letu ni Toyota Prius ya mwaka 2010. Tulipewa miaka minne iliyopita na familia moja iliyokuwa ikihama, kwa sharti kwamba litumike kwa shida za jamii. Tangu siku hiyo limekuwa likifanya kazi ambazo wasomaji wetu wanazifahamu: kumpeleka mgonjwa Muhimbili usiku wa manane, kuwachukua waosha maiti na sanda zao, kumrudisha nyumbani mwalimu wa madrasa baada ya darasa la jioni, na kwenda Kariakoo kununua mchele na tende za kufuturisha. Ni gari linalopigiwa simu zaidi kuliko imamu.

Shida ilianza kidogo kidogo. Asubuhi, dereva alipobonyeza kitufe cha kuwashia na injini ikashika kwa mara ya kwanza, gari lilitikisika lote kana kwamba mtu ametia kokoto ndani ya injini. Mlio wa kugonga ulisikika hadi ghorofa ya pili. Baada ya nusu dakika hivi, utulivu ulirejea, na gari likatembea mchana kutwa bila lalamiko. Kesho yake likarudia. Siku nyingine lilikataa kabisa: taa za dashibodi ziliwaka hafifu, zikapepesa, na neno READY, ambalo ndilo linalomjulisha dereva kuwa gari liko tayari, halikutokea. Hatimaye taa ya injini ikawaka na haikuzima.

Fundi mmoja wa mjini aliitwa. Alisikiliza mlio, akauliza mwaka wa gari, akatikisa kichwa. Akasema betri ya haibridi imezeeka, na kwamba gari lolote la aina hii likifika umri huo ugonjwa wake huwa ndio huo. Hakupima kitu. Nasi, kwa kuwa kila mtu mjini anasema magari ya haibridi hufa kwa betri, tulimwamini.

Mashine mbili ndani ya gari moja

Ili msomaji afuate yaliyojiri, yampasa kwanza kuelewa gari hili linavyofanya kazi. Prius ilianza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1997, ikiwa gari la kwanza la haibridi kutengenezwa kwa wingi. Kizazi cha tatu, ambacho ndicho chetu, kilitoka mwaka 2009, na ndugu yake mdogo, Aqua, akafuata mwishoni mwa mwaka 2011. Ndani yake mna injini ya petroli na mota za umeme zinazosaidiana. Gari linapokuwa katika foleni ya Mtaa wa Msimbazi, injini huzima na umeme husukuma. Linapohitaji nguvu, injini huwaka. Dereva anapofunga breki, sehemu ya nguvu ya mwendo hurudishwa katika betri. Kwa sababu hiyo, injini ya gari hili huwaka na kuzima mara nyingi katika safari moja fupi kutoka Upanga hadi Gerezani.

Gari hili lina betri mbili, na hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo. Ipo betri kubwa ya haibridi, iliyowekwa nyuma ya kiti cha abiria wa nyuma. Ina moduli 28, kila moduli ikiwa na seli sita, na kila seli ina volti 1.2. Ukizidisha, utapata volti 201.6. Katika Aqua betri hiyo iko chini ya kiti cha nyuma, nayo ina moduli 20, yaani volti 144. Kisha ipo betri ndogo ya volti 12, ambayo katika Prius yetu imefichwa pembeni mwa buti.

Betri ndogo haizungushi injini. Kazi yake ni kuamsha kompyuta za gari na kufunga swichi zinazoruhusu umeme wa betri kubwa upite. Kinachozungusha injini ni mota ya umeme inayolishwa na betri kubwa. Gari hili halina stata kama magari tuliyoyazoea. Halina pia klachi, na kwa hiyo vijana wa mtaa wakikusanyika kulisukuma ili liwake, watatoka jasho bure.

Swali la Bi mkubwa

Katika kikao kile, baada ya azimio kusomwa, mwenyekiti aliuliza kama yupo mwenye neno. Bi mkubwa mmoja, aliyestaafu kazi ya maabara ya hospitali, aliinua mkono.

“Katibu,” alisema, “kipimo kiko wapi?”

Tukamjibu kuwa fundi amesikiliza.

“Kusikiliza si kipimo, mwanangu. Mgonjwa akija na homa hatumpi dawa ya malaria kwa kumtazama usoni. Tunachukua damu. Na hizi fedha si zako wala si zangu.”

Pakawa kimya. Mzee wetu mweka hazina, ambaye si mwepesi wa kukubali kukosolewa, alichukua hati ya malipo akairudisha ndani ya bahasha. Kikao kiliamua gari lipimwe kwanza, kwa mashine, mbele ya wajumbe wawili, na majibu yaletwe kwa maandishi.

Maradhi matatu yanayofanana

Tulilipeleka gari kwa fundi wa Gerezani anayejulikana kwa umeme wa magari. Kabla ya kugusa chochote alitueleza jambo ambalo tunaona inafaa kila mwenye gari la haibridi alijue. Alisema mtu husema “gari linawaka vibaya”, lakini maneno hayo huficha maradhi matatu tofauti, na kila moja lina dalili zake.

La kwanza ni la betri ndogo. Dalili yake ni kompyuta kutoamka sawasawa: taa hafifu au zinazopepesa, milango kusita kujifunga kwa rimoti, maonyo mengi yasiyo na uhusiano kutokea kwa pamoja, na neno READY kukosekana. Injini haitikisiki, kwa kuwa haijafikia hata kuzungushwa. Kipimo chake ni mita ya kawaida ya volti. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma kati ya 12.4 na 12.7. Ikisoma chini ya 12, ama imeishiwa chaji ama imechoka. Gari likiwa katika READY, usomaji hupanda hadi karibu na 14, ishara kwamba inachajiwa.

La pili ni la betri kubwa. Hapa dalili huonekana zaidi barabarani kuliko asubuhi. Mistari ya chaji katika skrini hupanda na kushuka haraka mno: gari linasimama kwenye taa likiwa limejaa, na kabla ya taa kuruhusu mistari imebaki miwili. Injini huwaka mara kwa mara hata gari likiwa limesimama. Feni ya nyuma ya kiti hunguruma kwa nguvu. Matumizi ya mafuta huongezeka. Mwishowe huja alama nyekundu ya pembetatu, na mashine ya kupimia huonyesha namba P0A80, inayoashiria kuwa betri imefikia hatua ya kubadilishwa.

La tatu ni la injini yenyewe, na hapa ndipo mtikisiko ulipo. Injini ikitikisika kila inapowaka, iwe ya baridi au ya moto, fundi hutazama plagi, koili, nozeli za mafuta na mpira wa kushikilia injini. Lakini ikitikisika mara moja tu, asubuhi, baada ya gari kulala, kisha ikatulia yenyewe, swali la kwanza la kuuliza ni hili: je, maji ya rejeta yanapungua?

Tulitazamana. Hakuna aliyejua.

Tulichokikuta Gerezani

Mashine ya kupimia iliunganishwa chini ya usukani. Namba mbili zilitokea: P0300, inayomaanisha injini inamisi bila mpangilio, na P0302, inayomaanisha inamisi katika silinda namba mbili. P0A80 haikuwepo. Fundi alizipiga picha namba hizo kabla ya kufanya lolote, akatuambia kuwa mwenye gari asikubali kamwe namba zifutwe kabla hajaziona. Wako wanaozima taa kwa kufuta kumbukumbu ya kompyuta, wakapokea malipo, na baada ya siku chache taa ikarudi.

Kisha alipima betri kubwa, iliyohukumiwa kufa. Kompyuta ya gari hili huzisoma moduli 28 kwa jozi, yaani makundi 14. Tuliendesha hadi barabara iliyo wazi kidogo, mjumbe mmoja akitazama skrini. Fundi alikanyaga mafuta kwa nguvu, kisha akafunga breki. Katika betri nzima makundi yote hushuka pamoja na kupanda pamoja. Kundi lililochoka hushuka kabla ya wenzake gari linapovuta, na hupanda kabla ya wenzake gari linapochaji. Makundi yetu yalikwenda karibu sawa. Moja lilibaki nyuma kidogo, tofauti ikiwa sehemu ndogo ya volti.

“Betri yenu ni mzee,” alisema fundi, “lakini si maiti.”

Betri ndogo ilisoma volti 11.8. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikizuia READY siku zile chache. Mfumo wa maji ya injini ukawa wa mwisho kupimwa. Chombo cha akiba kilikuwa chini ya mstari, ilhali chini ya gari hapakuwa na tone. Fundi alifunga pampu ndogo yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, akajaza presha, akaliacha gari lilale gerejini. Asubuhi geji ilikuwa imeshuka. Alifungua plagi na kuingiza kamera nyembamba kama uzi wa umeme. Silinda tatu zilikuwa na masizi ya kawaida. Ya pili ilikuwa na unyevu, na kichwa cha pistoni kilikuwa safi kana kwamba kimeoshwa. Naam, kilikuwa kimeoshwa: kila usiku maji ya rejeta yalipenya kidogo kidogo ndani ya silinda ile, na kila alfajiri injini ililazimika kuyatema.

Chanzo chake kinajulikana kwa mafundi wa nchi nyingi waliokutana na Prius ya kizazi hiki. Injini hii ina njia inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la uchomaji na gesi chafu. Mafundi huiita kwa herufi tatu, EGR. Moshi huo hupozwa kwanza katika kipozeo kidogo, na kadiri miaka inavyokwenda kipozeo hujaa masizi mpaka njia inaziba. Moshi uliopoa usipofika, au ukifika kwenye silinda moja na kukosekana kwenye nyingine, joto ndani ya injini huongezeka. Gasketi ya silinda hedi, ile karatasi ya chuma inayotenganisha maji na moto, huchoka na kuachia mahali pembamba. Gari linapozimwa likiwa la moto, maji yangali na presha, na presha hiyo huyasukuma kupitia upenyo ule. Lililobaki ni alfajiri, kokoto na majirani kuamka.

Kipozeo cha gari letu kilipofunguliwa, ilikuwa shida kuona mwanga upande wa pili.

Tuliuliza ingekuwaje kama tungeweka betri mpya na kuendelea. Fundi hakuficha. Maji hayabanwi kama hewa inavyobanwa. Siku ambayo silinda ingepokea maji mengi kuliko kawaida, pistoni ingekutana nayo, na mkono wa pistoni ungepinda au hata kuvunjika na kutoboa ubavu wa injini. Tungekuwa na betri mpya ya milioni tatu na nusu ndani ya gari lililokufa, na labda na mgonjwa kiti cha nyuma.

Hedi ilifunguliwa, ikapelekwa kupimwa unyofu wake, gasketi ikabadilishwa, kipozeo na njia zake zote zikasafishwa, maji yenye kemikali sahihi ya rejeta yakatiwa, na betri ndogo mpya ikawekwa. Gharama yote haikufika nusu ya bei ya ile betri. Fundi alisisitiza kuwa kubadilisha gasketi bila kusafisha njia za moshi ni kuondoa moshi na kuacha moto, kwani chanzo kitabaki na ugonjwa utarudi.

Daftari

Sasa tuje kwenye lile lililo zito zaidi kwetu.

Gari lilipoanza kutetemeka, kabla hata ya fundi wa kwanza kuja, maneno yalikwisha kuenea kuwa dereva ndiye anayeliharibu. Ni kijana aliyesoma katika madrasa yetu, anayelitunza gari kwa posho ndogo. Mmoja alisema kijana ananunua petroli ya magendo na kutia tofauti mfukoni. Mwingine alisema analikimbiza usiku. Katika kikao kimoja sisi wenyewe tulitamka kuwa “itabidi tumwangalie”, na wiki iliyofuata tukampumzisha kazi hadi suala lieleweke. Hakulalamika. Alikabidhi funguo na daftari la gari, akaondoka.

Daftari hilo lina safu za tarehe, safari, kilomita, mafuta na maelezo. Kila Ijumaa katibu hulitia saini. Tuliporejea kutoka Gerezani tukiwa na swali la maji ya rejeta, tulilifungua kwa mara ya kwanza kwa nia ya kulisoma. Katika safu ya maelezo, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, tulikuta: “Nimeongeza maji nusu lita.” Kurasa mbili mbele: “Maji yamepungua tena, nimeongeza.” Kisha: “Maji yanapungua, havuji chini, tafadhali liangaliwe.” Katika miezi mitatu aliandika mara saba. Chini ya kila ukurasa palikuwa na saini yetu.

Tulimwendea nyumbani kwao. Tulimuuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kuegemea, kwa nini hakutuambia.

“Niliandika, Ustadh,” alisema. “Na ulitia saini.”

Hatukuwa na la kujibu, na hatuna hata leo. Alikosea jambo moja, kuongeza maji ya bomba badala ya maji yenye kemikali yake, kwani maji ya bomba huleta kutu na ukoko ndani ya mfumo. Lakini hakuna aliyemfundisha, na fedha ya kununulia maji sahihi ilipaswa kutoka kwetu. Petroli yake ilikuwa safi na mwendo wake ulikuwa salama. Ugonjwa aliuona kabla ya mafundi wawili, akauandika, nasi tukaupitisha bila kuusoma na kumdhania vibaya juu yake. Waislamu tumeonywa waziwazi juu ya dhana na juu ya kupokea habari bila kuithibitisha, na wengi wetu tunaihifadhi Suratul Hujurat kwa moyo. Kuihifadhi hakukutuzuia. Tulimwomba radhi mbele ya kikao kilekile kilichosikia tuhuma, na tunamwomba tena hapa.

Yanayofaa kufanywa nyumbani

Familia yenye gari la haibridi la zamani haihitaji kuwa na mashine ya bei ghali ili kujilinda. Yapo mambo ambayo baba, mama au kijana wa nyumbani anaweza kuyafanya.

Tazameni chombo cha maji ya injini mara moja kwa wiki, asubuhi, gari likiwa la baridi, na mwandike. Prius ina vyombo viwili, kimoja cha injini na kingine cha inveta, na vyote vina mistari ya juu na chini. Maji yanayopungua bila kuvuja chini yanakwenda mahali, na mahali hapo ni pa kutafutwa mapema. Msifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

Lindeni hewa ya betri kubwa. Betri hiyo hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia matundu yaliyo pembeni mwa kiti cha nyuma katika Prius, na chini ya kiti katika Aqua. Tulipofungua ya kwetu tulikuta vumbi na nyuzi za nguo zimeshonana kama zulia. Msiweke mikoba, mabuibui wala mifuko ya sokoni juu ya matundu hayo, na msafishe njia hiyo mara kwa mara. Joto ndilo adui mkubwa wa betri za aina hii, na joto la Dar es Salaam halina haja ya kuongezewa. Kivuli kikipatikana, egesheni kivulini.

Gari lisikae wiki nyingi bila kutembea. Likikaa, betri ndogo huisha na moduli za betri kubwa hupishana chaji. Liwasheni na kuliendesha walau mara moja kwa wiki. Katika foleni ndefu msiweke gia ya N, kwa kuwa gari likiwa katika N betri kubwa haichajiwi; wekeni P.

Mkibadilisha betri ndogo, hakikisheni ni ya aina iliyofungwa yenye kijibomba cha kutolea hewa nje, kwa sababu inakaa ndani ya gari pamoja na abiria. Mkilazimika kubusti, Prius ina mahali pa kuunganishia ndani ya kisanduku cha fyuzi chini ya boneti. Kugeuza nyaya, chanya ikawa hasi, kwaweza kuunguza vifaa vya gharama kubwa kwa sekunde moja.

Ikithibitika kwa kipimo kuwa betri kubwa imechoka kweli, jihadharini na njia ya kubadilisha moduli moja moja. Moduli moja ngeni kati ya wazee 27 haiendi nao sawa, na baada ya miezi huanguka nyingine. Anayenunua betri iliyotumika aombe ipimwe ikiwa inavuta na kuchaji. Volti zikipimwa juu ya meza tu hazitoshi.

Na kwa usalama wa roho: nyaya za rangi ya chungwa hazichezewi. Umeme wa betri ni volti 201.6, na inveta ya kizazi cha tatu huupandisha hadi volti 650. Hata baada ya kuchomoa plagi ya usalama, inatakiwa kusubiri walau dakika kumi ili umeme uliobaki uishe, na fundi awe na glavu za kuzuia umeme. Fundi asiyejua haya asiruhusiwe kufungua, hata awe jirani wa kuswali naye safu moja. Vilevile, mvua kubwa ikinyesha na maji yakajaa Jangwani, gari hili lisubiri ng’ambo.

Mwisho wa habari

Gari limerudi kazini. Lilipitisha Ramadhani nzima bila kutikisika, na usiku wa mwezi 21 lilimpeleka mama mjamzito Muhimbili akafika salama. Betri kubwa ni ileile, na kamati imefungua akiba ndogo ya kila mwezi kwa ajili ya siku itakayochoka kweli, maana siku hiyo itafika.

Kijana alirejeshewa funguo. Alikubali kurudi kwa sharti moja, kwamba daftari lisomwe kwa sauti katika kikao cha kila mwezi kabla ya kutiwa saini. Sharti hilo limeandikwa katika kumbukumbu. Katika kikao kilichopita tulisoma safu ya maelezo ya wiki nne: kilomita, lita za petroli, pancha moja Mtaa wa Lumumba, na mbele ya neno “maji”, mara nne, “hayajapungua”.

Wabillahi Tawfiq.